Nilivyojikatalia nafasi ya fildi kwa saini yangu mwenyewe

Niseme mapema kabisa kwamba mi sio kanjanja, yani mwandishi feki asiyesomea kazi. Naanza na hilo kwasababu kuna kipindi hili neno lilikuwa linanifuata kama deni la dukani, yani hata kwenye harusi ya shemeji yangu MC alinitambulisha kama mwanahabari mkongwe afu mtu wa meza ya nyuma akasema kwa sauti "ana diploma lakini?" na ukumbi mzima ukacheka. Mi naandika habari tangu 1998. Nimeanza kama korespondenti wa kulipwa kwa stori, stori ikitoka unalipwa, isipotoka unarudi nyumbani kwa miguu unatafakari. Mpaka nikawa mhariri wa habari wa gazeti moja la Kiswahili hapa Dar ambalo sitalitaja kwasababu bado nadai malimbikizo.

Enzi zetu elimu ya uandishi haikuwa kitu cha kila kona kama sasa. Wenye bahati walienda TSJ, ile shule ya uandishi wa habari ya serikali iliyoanza 1975 na baadaye ikamezwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine walienda chuo cha Nyegezi kule Mwanza. Sisi wengine tulisoma kwa wahariri. Unaandika, mzee anakunja karatasi, anaitupa kwenye ndoo, anakuambia "andika tena", hakuna cha silabasi wala semista. Nina na cheti cha miezi kadhaa cha chuo fulani kilichokuwa juu ya baa, chuo kilishakufa siku nyingi, baa bado ipo.

Sasa Novemba 2016 ikapita Sheria ya Huduma za Habari, na kanuni zake zilipotoka mwaka uliofuata zikasema mwandishi lazima awe na diploma kwenda juu, mwenye pungufu amepewa miaka mitano akasome. Miaka mitano! Mbongo ukimpa miaka mitano umempa milele. 2017 nikacheka. 2018 nikaanza kuona wenzangu wanapotea potea jioni, ukiuliza fulani yuko wapi unaambiwa "yuko kipindini", mzee mzima ana wajukuu yuko kipindini. Ikabidi na mi nikatafute cheti changu cha form four, nikakikuta kimeliwa na mende pembeni lakini zile D nne za kuingilia hazikuguswa, mende nao wana utu.

Oktoba 2018 nikaanza NTA level 4, ngazi ya kwanza ya kuelekea diploma, masomo ya jioni. Siku ya kwanza nimeingia darasani na shati la kuchomekea na begi langu la ngozi, watoto wote wakasimama, "good evening sir", nikawaambia kaeni, nikapita zangu mpaka kiti cha nyuma nikakaa. Darasa likaganda. Kuna binti akageuka akaniuliza kwa huruma kabisa, "baba, umekuja kumuangalia mtoto?"

Lakini hiyo ilikuwa rasharasha tu. Mwalimu wa uandishi wa habari alipoingia ndo nikatamani sakafu ifunguke. Huyu dada namjua. Mwaka 2009 alikuja kwetu fildi, yani mafunzo kwa vitendo kazini, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, muoga, kalamu tatu kwenye mkoba, na mi ndo nilikuwa namsimamia. Na kumsimamia kwenyewe ni kwamba saa nne asubuhi namtuma chapati maharage, saa tisa namtuma vocha, katikati hapo stori yake moja ya ajali ya daladala nilimrudishia aandike upya mara nane. Mara ya nane nilisimama katikati ya chumba cha habari nikaisoma intro yake, yani sentensi ya kwanza ya habari, kwa sauti, nikahesabu maneno, yalikuwa 47, nikamuuliza mbele ya watu "binti, hii ni intro au ni wosia?" Watu walicheka mpaka mhudumu wa chai akaweka birika chini. Yeye alienda chooni akakaa huko nusu saa.

Huyo ndo Madam sasa. Ana masters, ana miwani, ana projekta.

Hakusema kitu siku ile darasani, alinitazama mara moja tu akaendelea na slaidi. Tukakutana koridoni baada ya kipindi, na hapo ndo balaa la adabu za Kiswahili likatokea, kwasababu yeye kwa mazoea ya 2009 akasema "shikamoo kaka", na mi kwa woga wa uanafunzi nikasema "shikamoo madam", zikagongana pale hewani, afu kila mtu akawa anamsubiri mwenzie aitikie marahaba. Hakuna aliyeitikia. Mpaka leo hizo shikamoo mbili zinadaiwa. Ye akageukia kulia mi nikageukia kushoto, mi kushoto kulikuwa na stoo ya mifagio, nikaingia hivo hivo nikasubiri aende.

Kusoma ukiwa kazini sitaki kukudanganya, ni mateso. Kipindi kinaanza saa 11 jioni, na kurasa za toleo la mikoani zinatakiwa zifungwe saa 1, kwaiyo nilikuwa nahariri gazeti chini ya dawati kwa simu. Siku moja Madam anafundisha piramidi iliyogeuzwa, kwamba kilicho kizito kinakaa juu, chepesi kinashuka chini, ili mhariri akibanwa na nafasi akate mkia na habari ibaki hai, akaniona nimeinama, akaniita nitoe mfano. Mi kichwani niko ukurasa wa 3. Nikajibu kwa nguvu "kata aya mbili za mwisho weka tangazo la msiba!" Akanyamaza kidogo afu akasema "sahihi". Ndo pointi pekee niliyopata mwezi ule.

Testi ya kwanza ya kuandika habari niliingia kifua mbele. Jamani, miaka ishirini naandika hiki kitu, watoto wanatafuna kalamu mi nimemaliza dakika 25, nikatoka nikaenda kula mihogo. Majibu yakaja, 14 kati ya 40. Pembeni ya intro yangu kulikuwa na duara jekundu na maandishi madogo mazuri: "Maneno 47. Hii ni intro au ni wosia?"

Nilihesabu. Yalikuwa 47 kweli. Mpaka leo sijui ilikuwaje, ila naamini kuna malaika kazi yake ni hiyo tu.

Basi nikasota, nikala sapu, yani kurudia mtihani, ya Communication Skills (somo la mawasiliano, mi mtu wa mawasiliano), nikavuka kwenda level 5. Machi 2020 corona ikafunga vyuo, Juni vikafunguliwa, ratiba ikasukumwa mbele na fildi yetu ikaangukia Agosti. Wiki nane, kila mwanafunzi akafanye kazi kwenye chombo cha habari, ajaze logibuku kila siku, asainiwe na msimamizi, aandike ripoti, na aambatanishe vipande vitano vya habari zake zilizochapishwa. Wenzangu wanahangaika watapokelewa wapi, mi nacheka, nani atanikataa mi? Nikachukua barua yangu ya utambulisho, nikaipeleka mapokezi ofisini kwetu kama utaratibu unavyotaka, nikaendelea na maisha.

Sasa lazima ujue barua za fildi kwetu zinavyotembea. Zinapokelewa mapokezi, zinakwenda utumishi, utumishi wanazigonga muhuri wanazileta kwa mhariri wa habari aamue nafasi ipo au haipo. Mhariri wa habari ni mimi. Na Agosti 2020 kampeni za uchaguzi mkuu zinaanza, waandishi nusu wameshapandishwa kwenye misafara ya wagombea, ofisi imebaki na simu zinazolia, afu dada wa utumishi akaniletea rundo la barua kama thelathini, zote zinaanza sawa, "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO KWA MWANAFUNZI WETU". Tulikuwa na wanafunzi tisa tayari, wawili wanakalia kiti kimoja. Mi sikusoma hata moja. Nikashika kalamu nikaanza kuandika juu ya kila barua, "Nafasi zimejaa. Ashauriwe kujaribu kwingine", saini, "Nafasi zimejaa. Ashauriwe kujaribu kwingine", saini, nikamaliza rundo zima huku naongea na ripota wa Dodoma kwenye simu.

Wiki moja baadae napigiwa na ofisi ya fildi ya chuo. Dada wa huko anaongea kama anamuaga mgonjwa. "Mzee wangu, pole sana, ile taasisi uliyoomba wamekukataa, jaribu hata redio."

Nikawaka. Nilisema maneno ambayo mwandishi mwenye maadili hasemi. Nani ana ubavu wa kunikataa kwenye chumba changu cha habari? Nikapanda boda mpaka chuoni, nikasema nionyesheni hiyo barua, na nikimpata huyo mjinga aliyesaini kesho hana kazi. Yule dada akafungua faili akanigeuzia. Mwandiko wangu. Saini yangu ile ya mkia mrefu. "Ashauriwe kujaribu kwingine", na kwa chini, sijui nilikuwa na hasira gani siku ile na ripota wa Dodoma, nilikuwa nimeongeza "waandishi tunao wa kutosha".

Ikabidi nijiandikie barua ya kuomba nifikiriwe upya. Sio utani, utumishi walisema lazima iwepo kwenye faili. Nikaandika, nikaipeleka mapokezi, ikazunguka, ikanifikia, nikajikubalia kwa masharti ya kuripoti saa 2 kamili asubuhi, ambayo mi mwenyewe sijawahi kuyatimiza.

Logibuku nikajaza vizuri sana. Upande wa mwanafunzi naandika "leo nimejifunza kupanga dayari ya habari", upande wa msimamizi naandika "mwanafunzi amejituma mno, anafaa kuigwa", nasaini pande zote mbili maana msimamizi wa idara ni nani zaidi yangu? Wiki ya saba tukaambiwa tupeleke zikaguliwe. Jioni yake simu ya Madam.

"Mzee, saini ya mwanafunzi na ya msimamizi mbona zimefanana?"

"Madam, kwakweli ni mtu mmoja."

Kimya. Nikasikia kama anakohoa lakini kile hakikuwa kikohozi. Akarudi hewani sauti imenyooka, "kwa taratibu za chuo hiyo haiwezekani. Tafuta msimamizi mwingine, na awe na elimu inayozidi ya mwanafunzi. Ijumaa ijayo saa 10 nakuja kufanya tathmini."

Elimu inayozidi ya mwanafunzi. Nikakaa chini nikapiga hesabu ya ofisi. Mhariri mkuu ana digrii lakini kipindi kile cha kampeni alikuwa hakamatiki hata kwa nyavu. Mhariri wa michezo yuko level 4, ananiita kaka mkubwa chuoni. Mhariri wa makala alikuwa bado anatafuta cheti chake cha form four. Mwisho nikabaki na mtu mmoja tu, dogo mmoja sabu, miaka 26, digrii ya kwanza ya uandishi, GPA anaitaja hata usipomuuliza. Huyu dogo kazi yake kwetu ni kupitia kurasa kabla hazijaenda mtamboni, na mi ndo mtu ninayemfokea kuliko wote kwasababu anaweka mkato kila mahali kama anapiga chumvi.

Nikamuita pembeni nikamwambia dogo kuna kitu nataka unisaidie, kidogo tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Afu akakaa vizuri kwenye kiti, akapandisha mguu juu ya mguu, akasema, "kwaiyo mi ndo nitakuwa bosi wako."

"Kwenye karatasi tu."

"Kwenye karatasi tu", akarudia, huku anatabasamu kitabasamu sikukipenda.

Kesho yake nimefika saa 4 nikakuta kwenye logibuku yangu pameandikwa kwa wino wa kijani: "Amechelewa. Hana maelezo."

Kuna lile la vipande vitano pia. Mi ni mhariri, jina langu halijatokea kwenye stori miaka mingi, mi ndo nayatoa majina ya wengine. Nikajipangia stori nne za haraka haraka, moja ya bei ya nyanya Ilala, moja ya mtaro, mbili sizikumbuki, zikatoka na jina langu na wauza magazeti wakaniuliza kama nimeshushwa cheo. Ya tano nikakosa muda. Kila siku nasema kesho.

Ijumaa ikafika. Siku hiyo ilikuwa hivi: asubuhi nimemalizia ripoti yangu ya fildi kwenye kompyuta ya ofisi, nikaisevu kwenye folda la kurasa za leo kwasababu ndo lililokuwa wazi, nikaiita RIPOTI FINAL. Mchana ripota wetu akaleta habari nzuri, kamati ya wilaya imekagua mradi wa maji ikakuta pampu haipo na hela haipo, tukaipa ukurasa wa 7 wote na picha ya bomba kavu, kichwa nikakiandika mwenyewe na nilikifurahia, RIPOTI YAANIKA MADUDU MRADI WA MAJI. Faili la ile stori aliliita RIPOTI FINALI, na I mwishoni. Unaona tunapoelekea.

Saa 10 Madam akafika. Mapokezi wakapiga ndani, "mgeni anamuulizia msimamizi wa mwanafunzi", dogo akatoka amevaa koti. Koti! Dar es Salaam hii, koti, nadhani lilikuwa la mahafali yake. Akampokea Madam, akamuingiza kwenye ofisi YANGU, akakaa kwenye kiti CHANGU, afu akachungulia nje akaniita, "mwanafunzi, njoo. Na uje na kiti."

Nikaja na kiti.

Madam akafungua fomu. Kipengele cha kwanza, nidhamu. Dogo akavuta pumzi kama mtu aliyengoja siku hiyo tangu azaliwe. Akasema, "Madam, mwanafunzi ana uwezo sikatai, ila ana mdomo. Anafoka. Juzi kati alimwambia mfanyakazi mwenzake kwamba mkato sio chumvi." Madam anaandika. Ushirikiano? "Anakula karanga peke yake droo ya chini." Kupokea maelekezo? "Hapo ndo kuna shida kubwa, ukimuelekeza anakwambia ameanza kazi 1998." Mi nimekaa pale nimekunja mikono magotini, ulimi umevimba mdomoni, nikitaka kujibu namkumbuka Madam, nikimtazama Madam anatazama fomu, lakini mabega yake yanatikisika kidogo.

Katikati ya hapo simu yangu inaita. Jamaa wa kupanga kurasa. Nikasema, na hili neno nikilikumbuka meno yananiuma, "naomba ruhusa nipokee simu, supavaiza." Dogo akaangalia saa. "Dakika moja."

Jamaa anasema, "mkuu ukurasa wa 7 naona ripoti mbili humu, nachukua ipi?"

Siku ya kawaida ningemwambia fungua zote soma, una macho ya nini? Lakini nipo mbele ya mkaguzi, mi ni mwanafunzi mnyenyekevu, siwezi kutoa amri kama bosi. Nikanong'ona, "chukua ile ya final, kaka, ukipenda." Hajawahi kunisikia nikisema ukipenda. Nadhani alichanganyikiwa na hilo zaidi.

Na hapa sasa ndo utaelewa kwanini gazeti lina watu wengi. Ukurasa ukishapangwa unapita mikononi mwa sabu, kisha unapita kwangu, tunasaini, unakwenda mtamboni. Jioni hiyo sabu alikuwa ndani amevaa koti ananisema kuhusu karanga, na mi nilikuwa mbele yake nasemwa. Mpangaji akasubiri, saa ikamkimbia, gari la mikoani linapiga honi, akauachia.

Jumamosi saa 12 asubuhi simu ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Mama mkwe wangu hapigi simu asubuhi mpaka kuwe na msiba. "Baba, hongera kwa kushukuru, lakini hela ya ada ya semista ya pili ndo ile mlosema ya bati?"

Nikakimbia kwa mpiga debe wa magazeti pale stendi. Ukurasa wa 7. Kichwa kikubwa cheusi, RIPOTI YAANIKA MADUDU MRADI WA MAJI. Picha ya bomba kavu, mtoto amesimama na ndoo. Chini yake, Na Mwandishi Wetu, afu:

"Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia uzima na afya njema katika kipindi chote cha mafunzo yangu kwa vitendo. Pili namshukuru mke wangu kipenzi kwa uvumilivu wake na kwa kunilipia ada ya semista ya pili. Tatu namshukuru Mhariri wa Habari kwa kukubali kunipokea baada ya kunikataa."

Jina langu kamili lipo. Namba ya usajili wa chuo ipo. Safu nne zote ni mimi, utangulizi, malengo ya fildi, historia fupi ya kampuni niliyoinakili kwenye kalenda ya ofisi. Muuza magazeti akaniambia "bro huyu jamaa wa maji ana adabu sana, hata wizi anaanza na shukrani."

Nikashuka na macho chini taratibu, jasho linatoka, kwasababu nakumbuka mwisho wa ripoti kuna sehemu ya Changamoto, na pale nilikuwa nimejiachia kweli, nilijua anasoma Madam tu. Nikafika aya ya mwisho. Inasema: "Changamoto kubwa kuliko zote niliyokutana nayo ni tabia ya Mhariri Mkuu ya ku"

Basi. Imeishia hapo. Chini yake tangazo la dawa ya panya. Nafasi ilikuwa imeisha, jamaa akakata mkia kama anavyokata siku zote. Nilisimama pale stendi nikamkumbuka Madam na piramidi yake, nikataka kulia.

Saa 3 nipo mbele ya mhariri mkuu, ambaye wiki tatu hakamatiki lakini siku hiyo alikamatika. Gazeti liko mezani. Hakufoka, ndo kitu kibaya. Aliweka kidole pale chini akaniuliza kwa upole, "tabia yangu ya ku nini?"

"Ya ku... kujituma, mkuu."

"Kujituma ni changamoto?"

"Kwetu sisi tunaoshindwa kukufuata, mkuu."

Alinitazama muda mrefu sana. Ripoti kamili bado ilikuwa kwenye lile folda na yeye ana nywila. Nilitoka mle nikakimbia mpaka kwenye kompyuta, nikafuta, nikafuta na kwenye kapu la taka, nikazima na umeme wa ukutani kwa usalama. Nilikatwa mshahara wa siku tano, dogo alikatwa siku mbili, akaniambia amesikitika kama msimamizi. Jumatatu stori ya maji ikatoka kwa usahihi pamoja na kuomba radhi, nimeiandika mimi, maneno 19, Madam angefurahi. Watu wa ile wilaya walipiga simu kulalamika kwamba ya Jumamosi ilikuwa nzuri zaidi.

Sasa nabaki na tatizo langu la zamani, kesho yake natakiwa kukabidhi faili la fildi chuoni na nina vipande vinne tu. Nikazunguka pale ofisini jioni nzima nimeshika kichwa. Afu nikaangalia meza, nikaona ule ukurasa wa 7. Maelekezo ya chuo yanasema nini? Kazi iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe, ikachapishwa wakati wa fildi, jina lake lionekane. Nikasoma mara mbili. Nikaenda mapokezi nikaazima mkasi.

Nikabandika na gundi, nikaandika juu yake kwa mwandiko mzuri, Kiambatanisho Na. 5.

Faili lilirudi baada ya mwezi. Nyanya 7 kati ya 10, mtaro 6, zile mbili 5 na 5. Kiambatanisho cha tano kilikuwa na wino mwekundu pembeni: "8/10. Intro maneno 21, safi sana. Kichwa cha habari hakiendani na habari. Na hiyo shikamoo ya 2018 mzee, marahaba."